Eti kichwa cha mtu mzima hakishiki?

"Samaki mkunje angali mbichi." Hapa Moshi, ukiwa na miaka 40 na ushee ukasema unarudi chuo, hiyo ndiyo salamu ya kwanza utakayopewa. Ni methali nzuri kwa malezi. Kwa masomo inapotosha.

Kinachopungua na umri ni kasi, pamoja na kukumbuka jina au namba uliyoisikia mara moja. Msamiati na uelewa wa mambo huendelea kukua miaka mingi baada ya ujana. Mwangalie mama wa mitumba pale Kiboriloni belo linapofunguliwa: anazitenga gredi ya kwanza kwa kugusa tu, huku kichwani anapiga hesabu ya nauli, ushuru na bei ya kuanzia. Akifundishwa gharama za uendeshaji, jambo lenyewe analo; anachokosa ni jina lake la darasani. Kijana wa miaka 20 ana jina, hana belo.

Wengi huangushwa na namna ya kusoma. Kurudia kusoma notisi usiku wa kuamkia mtihani hakumsaidii mtu kukumbuka kwa muda mrefu, hata huyo kijana. Funga daftari, jiulize maswali, kisha urudie baada ya siku 3, halafu baada ya wiki.

Wala si jambo geni nchini. Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya 1992, watu wasome bila kuacha kazi, wala meza ya sokoni.