Dawa ya usingizi haikupi usingizi

Wiki hii nimelisikia tena lile wazo kwamba mgonjwa wa upasuaji analala usingizi, safari hii kutoka kwa mama aliyekuwa ameshalala chali kwenye meza ya upasuaji, barakoa ya oksijeni usoni. "Daktari, siku tatu sijapata usingizi kwa hofu. Afadhali leo nitalala hasa." Nikamjibu haraka mno: "Hutalala, mama. Lakini hutasikia kitu." Akanikodolea macho. Nilikuwa nimemtisha bila kukusudia, ikabidi nimshike mkono na kumweleza upya, polepole, huku wenzangu wakisubiri.

Ninaitwa daktari wa usingizi, na kosa linaanzia hapo hapo kwenye jina. Wazee waliosema nusukaputi, yaani nusu ya kufa, walikuwa karibu zaidi na ukweli.

Mtu aliyelala fofofo ukimtikisa bega anaamka. Mama yule nilimsukumia mshipani propofoli, dawa ya kuzimisha fahamu, nyeupe kama maziwa, na dakika haikuisha. Nilimgusa kope, hakupepesa. Ulimi ulilegea ukarudi nyuma, pumzi ikakata. Nikainua kidevu chake kwa vidole vyangu na kumbana barakoa usoni, mkono wa pili ukiminya mfuko wa hewa, maana kuanzia hapo aliyekuwa akimpumulia ni mimi. Nani kati yenu analala hivyo nyumbani?

Ndiyo maana tunakukataza kula kwa muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, na maji matupu yakome saa 2 kabla. Kuna mgonjwa aliyewahi kunifichia kwamba amekunywa chai na mkate, na hoja yake ilikuwa na mantiki kabisa: "Mbona kila usiku nakula nikalala, na sijapaliwa?" Hujapaliwa kwa sababu usingizini koo lako linalinda zamu. Chakula kikipanda, unakohoa, unaamka. Kwenye nusukaputi mlinzi huyo hayupo, na kilichopanda kinateremkia mapafuni.

Ubongo nao unasema hivyo hivyo. Usingizi unapanda na kushuka kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na ndani yake kuna kile kipindi cha macho kuchezacheza na ndoto nzito ambacho watafiti Aserinsky na Kleitman wa Chicago walikitangaza mwaka 1953. Dawa zangu hazina mizunguko hiyo. Zinakushusha na kukushikilia nilipokuweka. Nikizidisha, mawimbi ya umeme ya ubongo yanalipuka, yananyamaza kimya, yanalipuka tena. Ubongo wa mtu mzima mwenye afya hauonyeshi hivyo usingizini hata siku moja. Michael Jackson alikuwa akipewa propofoli nyumbani usiku ili apate kulala. Alikufa tarehe 25 Juni 2009. Nawaomba mlichukue hilo kwa uzito wake.

Haki itendeke: mpaka una mianya. Panya walionyimwa usingizi, wakiwekwa kwenye propofoli, huonekana kama wamelipa sehemu ya deni lao. Na deksmedetomidini, dawa nyingine ya kutuliza, huleta mawimbi yanayofanana sana na ya usingizi wa kawaida, na mgonjwa ukimwita anafungua macho. Sawa. Lakini hiyo haifanyi dawa zote kuwa usingizi.

Sasa nije kwenye linaloniudhi hasa, na hapa nawasema hata wenzangu. Upasuaji ukiisha mtu husema, "Alikuwa fofofo, hakusikia chochote." Hakusikia, au hakumbuki? Haya ni mambo mawili, na kutojibu ukiitwa ni jambo la tatu. Tunayachanganya matatu kila siku kwa sababu kuyatenganisha kunatutia hofu.

Mwaka 1977 daktari mmoja, Tunstall, alibuni kipimo ambacho naona kila daktari wa usingizi angepaswa kukiona kwa macho yake. Kabla ya kumpa mgonjwa dawa ya kulegeza misuli, unamfunga mkanda kama ule wa presha mkononi na kuujaza upepo, dawa isifike kwenye vidole. Mwili mzima unalegea, mkono ule mmoja unabaki na nguvu. Kisha unamwinamia sikioni: "Kama unanisikia, nibane mkono." Katika utafiti wa nchi kadhaa uliotolewa 2017, wagonjwa 260 waliulizwa hivyo baada ya kuingizwa mrija wa hewa kooni. Karibu 1 kwa kila 20 walibana. Baadhi yao walibana tena kusema wanaumia.

Weka hilo kando ya uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotolewa 2014: waliolalamika wenyewe baadaye kwamba walikuwa na fahamu walikuwa takriban 1 kwa kila nusukaputi 19,000. Pengo kati ya tarakimu hizo mbili ndilo linaloninyima raha. Wengi wanaobana mkono hawakumbuki chochote wakizinduka. Je, maumivu yaliyosahauliwa hayakuwapo? Vitabu vinapita hapo mbio. Mimi siwezi.

Tunayo mashine inayobandikwa kwenye paji la uso na kutoa namba kutoka 0 hadi 100, tunalenga 40 hadi 60. Inasaidia. Lakini mpe mgonjwa ketamini, dawa nyingine ya nusukaputi, na namba inaweza kupanda wakati yeye hajibu lolote, macho wazi, yuko mbali kabisa. Mashine inasoma umeme. Fahamu haina kipimo, na hata namna dawa hizi zinavyoizima, tangu Morton, daktari wa meno, alipoonyesha nusukaputi kwa mvuke wa etha kule Boston tarehe 16 Oktoba 1846, hatujaimaliza kuieleza. Tunajua milango ya seli ambayo propofoli inaishika. Kutoka mlango wa seli hadi mtu kutoweka, njia bado ina giza.

Kwa hiyo naongea na wagonjwa wangu hata wakiwa chini ya dawa. Nawaita majina, nawaambia tumefika wapi. Na sivumilii mtu anayemsema mgonjwa vibaya aliye mezani.

Mama yule alizinduka salama, akaniuliza, "Mnaanza lini?" Saa mbili na nusu zilikuwa zimepita na kwake hazikuacha hata alama. Aliyelala kweli angalau hukisia kwamba usiku umekwenda.

Jioni nilimpitia wodini. Macho mekundu, kichwa kizito. "Daktari, bado nina usingizi." Nikawaomba wauguzi wapunguze taa, wasogeze vipimo vya usiku vinavyoweza kungoja, na wamwache alale.