Je, wajua? Mahakama yaweza kuikataa sheria, na sheria ikabaki kitabuni

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilimtaka mvulana afike miaka 18 ndipo aoe, lakini msichana aliruhusiwa kuolewa na miaka 15, hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mwaka 2016 mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipinga vifungu vya 13 na 17 katika Mahakama Kuu, na Julai 8 akashinda: vinambagua msichana, kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa.

Wengi hudhani hapo kazi imekwisha. Lakini kuandika umri mpya ni kazi ya Bunge. Ibara ya 30(5) ya Katiba inairuhusu mahakama, badala ya kutamka sheria ni batili papo hapo, kuipa Serikali muda wa kuirekebisha, ili lisibaki pengo. Safari hii muda ulikuwa mwaka mmoja. Oktoba 2020 ikafika, kifungu kiko vilevile.

Marekebisho yalikwama wapi? Kwa kawaida wizara hupeleka pendekezo Baraza la Mawaziri, likikubaliwa muswada huandikwa na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Bungeni husomwa mara ya kwanza bila mjadala, kisha kamati husikiliza wadau. Hapa ndipo maoni ya mwananchi yana uzito, kwa kuwa maneno bado yanabadilika. Hufuata mjadala wa kusomwa mara ya pili, Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakiupitia muswada kifungu kwa kifungu, kusomwa mara ya tatu, na saini ya Rais. Ndoa inagusa dini na mila, na jambo la namna hiyo husota kabla halijafika kwenye kura. Kuchelewa huko si jambo dogo: kila mwaka unaopita kuna mabinti wanaotimiza miaka 15.

Na njia hiyohiyo hupitika Serikali ikiamua. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, kifungo miaka 30. Binti wa miaka 15 aliyemaliza darasa la saba na kubaki nyumbani, kifungu hicho hakikumgusa.