28 si 28, na mengine ninayoambiwa kila wiki karakanani

Jumamosi iliyopita alikuja mwalimu mstaafu kutoka Kibosho, yeye kwenye bodaboda na baiskeli yake ya Phoenix imefungwa kwa mpira nyuma yake. Nikamwamkia, akaitika, akaketi kwenye benchi. Akafungua mfuko akatoa tairi mbili mpya, nyeusi tii, bado zina karatasi zake. Mwanawe aliyeko Ujerumani alizinunua, akampa mtu aliyekuwa anarudi Moshi likizo. "Fundi, hizi zinatoka Ulaya. Nifungie."

Nikaligeuza moja, nikasoma ubavuni, nikamwambia: mwalimu, hizi haziingii. Alinitazama kana kwamba mimi ni mtoto wa darasa la tatu aliyekosea jedwali la mbili. "Hapa imeandikwa 28. Baiskeli yangu ni 28. Ishirini na nane ni ishirini na nane."

Hiyo sentensi nimeisikia kwa watu wa Majengo, kwa watu wa Machame, kwa kijana wa chuo mwenye simu ya bei kuliko baiskeli yake. Nimechoka kuieleza mtu mmoja mmoja, kwa hiyo leo naiandika.

Ile namba ya inchi haipimi ringi. Zamani ilikadiria kimo cha gurudumu zima, tairi likiwa limejaa upepo, kutoka ardhini hadi juu. Ringi ndogo yenye tairi nene na ringi kubwa yenye tairi jembamba zote zinaweza kufikia inchi 28, na kila nchi ilijitengenezea ringi zake ikaziita 28. Tairi zikabadilika unene, jina likabaki. Ndiyo maana leo kuna 28 ya Phoenix, ile ya 28 x 1 1/2, ambayo ringi yake ni milimita 635 pale tairi linapokalia. Na kuna 28 ya baiskeli nyingi za kisasa za Ulaya, ambayo ni 622. Tofauti ni milimita 13, nanyi mtasema 13 ni kitu gani. Zungusha kamba: hizo 13 za kipenyo ni kama sentimita 4 za mzunguko. Ndani ya ukingo wa tairi mna waya wa chuma, na huo waya hauna habari ya kunyumbuka. Unakosa sentimita 4 za waya, utazitoa wapi?

Kuna mtu huzitoa kwa bisibisi mbili na goti. Mwalimu alikuwa ameshapitia kwa fundi mwingine kabla ya kuja kwangu, na nililiona hilo mara tu nilipolishika tairi la pili. Ukingo umekwanguliwa kama sentimita 10, mpira umebanduka, nyuzi nyeupe ziko nje, na waya unachungulia. Ringi nayo ina alama mbili za bisibisi. Tairi la kusafiri kutoka Ujerumani, limekufa bila kukanyaga hata mita moja ya barabara ya Kibosho.

Sasa linalowakoroga watu zaidi. Zile 28 za Ulaya, zile 29 za baiskeli za milimani na zile 700C za mbio, ringi yake ni moja: 622. Majina matatu, ringi moja. Halafu kuna 27 ya zamani, ya baiskeli za mbio za mitumba, ile ya 27 x 1 1/4. Hiyo ni 630. Yaani ringi ya 27 ni kubwa kuliko ringi ya 29. Nikisema hivi mteja hucheka, akidhani namtania. Na usiichanganye na 27.5, hiyo ni 584, ndogo kuliko zote hizo.

Kwenye 26 ndiko kilio kikubwa, kwa sababu ndiyo inayojaa mjini hapa. Ile ya mitumba ya Japani yenye kikapu mbele, 26 x 1 3/8, ringi yake ni 590. Ile ya milimani, 26 x 1.95 au 26 x 2.1, ni 559. Tofauti sentimita 3 na ushee. Angalia namba zinavyoandikwa: moja ina sehemu, nyingine ina nukta. Ukiona yako ina sehemu na unayotaka kununua ina nukta, rudisha pesa mfukoni kwanza. Hata 1 3/4 na 1.75, ambazo darasani ni kitu kimoja, kwenye tairi za 26 ni ringi mbili tofauti.

Dawa ipo, imeandikwa kwenye tairi lenyewe, ila kwa maandishi madogo na mara nyingi imefunikwa na udongo. Chukua kitambaa kibichi, futa ubavu wa tairi, washa tochi ya simu, tafuta namba mbili zenye kistari katikati. Za mwalimu ziliandikwa 42-622. Lake la zamani, tulipolisugua, likatoka 40-635. Namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita, ya pili ni ringi. Ya kwanza unaweza kucheza nayo kidogo, mradi tairi lisiguse fremu wala madigadi. Ya pili haichezewi. Piga picha, mtumie ndugu yako aliyeko Ujerumani au China au popote, mwambie asinunue kwa inchi, anunue kwa hiyo namba ya mwisho. Kama tairi lako halina namba hiyo, niletee gurudumu nipime. Sitozi kupima.

Na najua kwa nini watu wanang'ang'ania. Ni kwa sababu ya tyubu. Tyubu ni mpira mtupu, inavutika; tyubu ya 622 ukiiweka kwenye 635 inakaa, na utatembea nayo miaka. Mtu akishaona tyubu ya "28" imekubali, anahitimisha kwamba tairi nalo litakubali. Tyubu ndiyo inayowadanganya. Hata hivyo, kwenye tyubu tazama mdomo wake, pale pa kujazia upepo. Phoenix na mitumba mingi ya Japani ina ule mdomo wa zamani wenye kipira kidogo ndani. Za Ulaya zinakuja na mdomo mwembamba wa baiskeli za mbio, au mdomo kama wa gari. Wa gari ni mpana, unaweza kukataa kupita kwenye tundu la ringi iliyotobolewa kwa ule mwembamba. Mwembamba unapita popote, ila ukifika kituo cha mafuta kujaza upepo utarudi umenuna, mpaka uwe na kile kichwa kidogo cha shaba cha kugeuzia. Agiza viwili, kimoja kitapotea.

Hayo ya tairi yametosha. Mengine nitapita haraka.

"Nje ni bei rahisi." Bei uliyoiona kwenye simu ni ya kitu kikiwa huko huko. Kikifika, ushuru unapigwa juu ya bei, bima na usafiri kwa pamoja, kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo, ushuru ukiwamo. Kwa hiyo unalipia kodi hata nauli ya mzigo, na baiskeli nzima nauli yake si mchezo. Ushauri wangu, na wenzangu hawaupendi: agiza vitu vyepesi visivyopatikana hapa, kama cheni nzuri, pedi za breki za diski, au waya za gia. Ringi, fremu na tairi za kawaida nunua Moshi au Arusha, uzishike kwa mkono kabla ya kulipa. Na ukiagiza pedi, agiza kwa umbo la pedi ya zamani, usiagize kwa jina la baiskeli.

"Jaza upepo mpaka liwe jiwe, ndipo linakimbia." Labda kwenye sakafu ya ukumbi. Kwenye lami yetu yenye viraka, na mbaya zaidi kwenye njia ya kokoto ya kupanda Uru, tairi gumu linarukaruka, na kila likiruka nguvu yako inapotea kwenye kutikisa mifupa yako badala ya kwenda mbele. Wanaolipwa kuendesha walishaacha tairi za milimita 23, siku hizi wako kwenye 28 na 30, na upepo wameupunguza. Vijana walioangalia mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali, Septemba 2025, wanakuja kuniulizia baiskeli ya Pogačar, yule aliyeshinda. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza anaweka upepo kiasi gani. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye tairi ni kikomo, si agizo. Mtu wa kilo 75 mwenye tairi la milimita 40, anzia psi 45, kisha ongeza au punguza mwenyewe.

"Breki ya mbele usiiguse, utapinduka." Hii inanitia hofu kuliko zote, hasa kwa wanaoshuka kutoka Marangu kwenda Himo. Ukifunga breki, uzito mwingi unahamia gurudumu la mbele. La nyuma linabaki jepesi, linajifunga, linaanza kuserereka kwenye vumbi. Breki ya mbele ndiyo inayokusimamisha. Ivute taratibu, sukuma makalio nyuma, mikono iwe migumu. Anayepinduka ni yule aliyeishtua. Na ukinunua mtumba, kabla hujapanda jaribu breki moja moja ukiwa umesimama: za Japani na Uingereza ya mbele iko mkono wa kulia, za Ujerumani na Uholanzi kwa kawaida iko kushoto. Wako wanaoligundua hilo katikati ya mteremko.

"Oili chafu ya gari inafaa kwa cheni." Inafaa kukusanya udongo mwekundu na kuufanya msasa. Weka tone moja kwenye kila kiungo, zungusha, kisha futa kwa kitambaa mpaka nje pawe pakavu. Oili inahitajika ndani. Kila baada ya miezi michache chukua rula ya inchi, pima kutoka pini hadi pini. Inchi 12 zikilenga pini barabara, cheni ni nzima. Pini ikipita alama kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni leo. Ukingoja, utabadilisha na fraiwili pia, yale meno ya gurudumu la nyuma, na hapo ndipo unapoanza kusema fundi ni mwizi.

"Gia nzito ndiyo inayojenga miguu." Huyu ni mtu wa mazoezi, anapanda kutoka mjini kwenda geti la Marangu, karibu mita 1,000 za kimo juu yetu, na anasaga gia ya tambarare kwa ushujaa. Anachojenga ni maumivu ya goti. Weka gia nyepesi, zungusha miguu mara 80 au 90 kwa dakika, na mlima ukikaza usishuke chini ya 60. Kama gia yako nyepesi kuliko zote haikuruhusu hivyo, tatizo ni sahani ya mbele, na sahani ndogo ni bei ya chini kuliko goti. Sitaki kusikia habari za kununua fremu ya kaboni kabla hujabadilisha hiyo sahani.

Mwalimu nilimtafutia tairi mbili za 40-635 dukani pale Double Road, za kawaida kabisa, na zikaingia kwa vidole bila chuma chochote. Lile la Kijerumani lililosalia zima nimemtundikia ukutani, nimwuzie mwenye 622. Nilipomaliza akatoa kwenye ule mfuko kitu kilichokuwa kimebaki chini: tyubu mbili, mdomo mwembamba, kwenye boksi zimeandikwa 28. Akasema, weka na hizi. Nikaweka. Zikakaa vizuri sana.

"Si nilikuambia, fundi," akasema, akasukuma baiskeli yake nje.