Montblanc sio kalamu ya Uswisi jamani
Watu kibao wanaamini Montblanc inatoka Uswisi au Ufaransa, kisa jina la mlima Mont Blanc wa kwenye Alps, na ile 4810 iliyochongwa kwenye nibu (ile ncha ya chuma ya kuandikia) ndo inazidi kuwachanganya maana ni urefu wa huohuo mlima kwa mita, ulivyokuwa ukitajwa zamani. Hapana bana, kalamu zinatengenezwa Hamburg, Ujerumani, ila kampuni mama, Richemont, ndo ya Uswisi. Sasa wino ukigoma kidogo mtu anawaza kuituma Ulaya fasta! Mara nyingi wino umekaukia ndani tu, vuta maji ya uvuguvugu ndani ya kalamu uyatoe, rudia hadi yatoke masafi, sio ya moto wala spiriti. Nibu ikipinda hapo sawa, ipeleke dukani kwao, usijifanye fundi na koleo lako.