Je, wajua kwa nini taa ya rilei huendelea kuwaka hata umeme ukisharudi?

Laini ya msongo mkubwa imekatika, imerudi yenyewe ndani ya sekunde moja, na mtaani watu wengi wameona taa zikicheza tu. Lakini ukiingia chumba cha udhibiti cha kituo cha kupoza umeme, utakuta kwenye paneli kuna kisanduku chenye taa nyekundu iliyoandikwa TRIP (yaani laini imekatwa), na inawaka. Itawaka mchana kutwa, na usiku nayo itawaka, mpaka mtu abonyeze kitufe. Hitilafu imekwisha zamani, sasa taa inang'ang'ania nini?

Kisanduku hicho ni rilei ya ulinzi. Kazi yake ni kupima mkondo na volteji ya laini bila kupumzika, na ikiona mambo si ya kawaida inaiamuru breka, yaani swichi kubwa ya laini, ifunguke. (Breka kufunguka ndiko umeme kukatika, ikifungwa, umeme unapita. Wageni wa fani hii huchanganyikiwa hapo.) Kwenye umeme wetu wa hezi 50, wimbi moja huchukua milisekunde 20. Rilei ya kisasa hufanya uamuzi ndani ya wimbi moja au mawili, na breka ya msongo mkubwa hufunguka kwa mawimbi mengine mawili au matatu. Yaani tangu tawi liguse waya mpaka laini ikatwe, mara nyingi haifiki hata sehemu ya kumi ya sekunde. Kama taa ingewaka kwa muda huohuo tu kisha izime, hata opereta aliyeikodolea macho asingejua iliwaka ipi.

Ndiyo maana taa hizi zimetengenezwa zibaki zikiwaka mpaka mtu azizime. Zinamsubiri mtu anayefika tukio likiwa limekwisha.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta. Rilei za sumaku na koili, zile zenye kioo mbele ambazo bado unazikuta kwenye vituo vikongwe, zina kibendera: kibati kidogo chenye rangi kali kilichoshikiliwa kwa kulabu. Rilei ikifanya kazi, kulabu huachia, kibati hudondoka na kuonekana dirishani. Hakirudi juu mpaka mtu akisukume kwa kijiti kilicho chini ya kasha. Mhandisi Edmund Schweitzer alipotoa rilei ya kidijitali mwaka 1984 kule Pullman, jimbo la Washington nchini Marekani, na wengine wakafuata, kibati kilikuja kuachia nafasi kwa taa ya LED, ila kazi ikabaki ileile.

Utamu uko kwenye kuzisoma taa zikiwa pamoja. Tuseme ni laini ya kilomita 100, na rilei ya upande wako imewasha TRIP, ZONE 1, A na G. Maana yake fezi A, mmoja wa nyaya tatu za laini, imegusana na ardhi (G), na mahali penyewe ni ndani ya kilomita kama 80 kutoka ulipo. Kwa nini 80 na si 100? Vipimo vya mkondo na volteji vina makosa madogo, kwa hiyo wahandisi huiwekea ZONE 1 mpaka karibu asilimia 80 ya laini, isije ikakata kwa hitilafu iliyo nje ya laini yake. Kipande kilichobaki kinaachiwa ZONE 2, ambayo huvuka mwisho wa laini lakini kwa kawaida husubiri kidogo, sekunde 0.3 hadi 0.5. Sasa mpigie simu mwenzako wa kituo cha upande wa pili. Kwako ikiwa ni ZONE 2 na yeye akakwambia kwake ni ZONE 1, gari la doria lianzie kwake. Rilei nyingi za leo huandika pia kwenye kioo makadirio ya kilomita, lakini hizo taa mbili zimeshakupunguzia safari.

Kwa hiyo opereta mzoefu hagusi kitufe cha kuriseti kabla hajaandika kila taa kwenye daftari la zamu. Siku hizi wengi hupiga picha kwa simu, na mimi naona ni bora, kwa sababu picha haisahau taa. Kwenye baadhi ya rilei, taa za tukio la jana zikiachwa zinachanganyika na za leo, na mtu anapelekwa kutafuta hitilafu ya fezi tatu wakati iliyoguswa ni moja.

Kwenye rilei nyingi kuna namna ya kuwasha taa zote kwa mpigo, mara nyingine kwa kitufe hichohicho cha kuriseti. Ni kuzijaribu, kwani taa iliyokufa na taa isiyo na habari hazitofautiani kwa macho. Taa ya kijani ya HEALTHY hukwepa tatizo hilo kwa kugeuza kibao: inatakiwa iwake wakati wote. Ikizima, rilei imejikagua ikakuta ina kasoro, au imekosa umeme wa betri, na laini huenda haina mlinzi huyo.

Taa za breka zenyewe nazo zina lake. Vituo vingi huweka nyekundu kuwa breka imefungwa na umeme unapita, kijani kuwa imefunguka. Kwenye paneli za mtindo wa zamani wa Kimarekani, taa nyekundu imeunganishwa mfululizo na koili ya kufungulia breka. Mkondo mdogo wa taa hautoshi kuifanya koili ifungue breka, lakini waya wa koili ukikatika, taa inazima. Mzunguko mzima wa koili ile unakaguliwa na balbu moja.

Kifaa kikaidi kuliko vyote ni namba 86 kwenye orodha ya Kimarekani ya vifaa hivi, yaani rilei ya kufungia. Transfoma ikipata hitilafu ya ndani, mpini wa 86 huruka na kuzuia breka zisifungwe. Kwenye ile inayorudishwa kwa mkono, kituo kikuu kinaweza kutuma amri ya kufunga mara kumi na breka isitikisike, mpaka mtu aliyekagua transfoma aje kuuzungusha mpini huo.