Kwa nini ghorofa huporomoka hata penye kibali na mkandarasi aliyesajiliwa?

Mbele ya karibu kila ujenzi mkubwa jijini Dar es Salaam au Nairobi kuna bango. Limeandikwa jina la mshitiri (mwenye mradi), mbunifu majengo, mhandisi mshauri na mkandarasi, pamoja na namba ya mradi. Bango hilo linasimama pale kwa nguvu ya sheria. Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Makandarasi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, zote mbili zikifanya kazi chini ya sheria za mwaka 1997. Ina bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na ina OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Kenya ina NCA, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Na bado tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Mwezi Aprili 2016 nyumba ya kupanga ya ghorofa sita iliyojengwa kando ya mto ilianguka Huruma, Nairobi, mvua kubwa ikinyesha, na takriban watu 50 wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo: jengo la ghorofa nne lenye maduka lilianguka asubuhi na kuua watu zaidi ya 20. Kama bodi zipo, vibali vipo na mabango yapo, majengo yanaangukaje?

Jibu linaanzia kwenye zege lenyewe. Zege linastahimili sana kugandamizwa, lakini likivutwa ni dhaifu, uwezo wake ukiwa kama sehemu moja ya kumi ya ule wa kugandamizwa. Ndiyo maana linawekewa nondo, na ndiyo maana mahali nondo ilipolala panahesabika kuliko wingi wake. Chukua baraza linaloning'inia nje ya ukuta: mzigo unalivuta upande wa juu, kwa hiyo nondo kuu lazima ziwe juu. Mafundi wakizikanyaga wakati wa kumwaga hadi zikashuka chini, baraza hilo lina nondo zote zilizoandikwa kwenye mchoro na bado linaweza kukatika. Likishakauka na kupigwa plasta, hakuna mkaguzi atakayeliona kosa hilo kwa macho.

Maji nayo ni mtihani. Mhandisi akiagiza uzito wa maji uwe nusu ya uzito wa saruji, mfuko mmoja wa kilo 50 unahitaji lita 25, yaani ndoo moja ya lita 20 na robo. Zege la namna hiyo ni zito kusukuma kati ya nondo zilizosongamana, jua linawaka, na vijana wanaobeba ndoo wamechoka. Ikiongezwa ndoo nusu zege linateleza vizuri, kila mtu anashukuru, na nguvu inashuka. Maji ya ziada hukauka na kuacha vitundu vidogo vidogo ndani. Mchanga uliolowa kwa mvua huongeza maji mengine ambayo hakuna aliyeyapima.

Kisha kuna muda, na hapa ndipo wengi wanapokufa. Nguvu ya zege hupimwa rasmi likiwa na siku 28, na likiwa na siku saba huwa limefika kama theluthi mbili hivi. Mita moja ya ujazo ina uzito wa karibu tani 2.4. Sakafu ya mita kumi kwa kumi yenye unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 15, yaani tani 36. Siku ya kumwagwa, sakafu hiyo haijibebi. Inabebwa na mirunda, yaani nguzo za muda, na mirunda imesimama juu ya sakafu ya chini yake, ambayo pengine ina wiki mbili tu. Mwenye jengo akitaka ghorofa mpya kila baada ya siku kumi, mirunda ya chini itang'olewa mapema ili ikatumike juu. Hapo uzito mzima unatua juu ya zege changa. Jengo la namna hii halihitaji tetemeko wala upepo ili lianguke.

Kwa hiyo usimamizi wenye maana unategemea siku na saa maalumu. Mhandisi anatakiwa awepo shimo la msingi likiwa wazi, aone udongo aliouandika kwenye hesabu zake ndio huo uliopo. Arudi nondo zikishafungwa na kabla zege halijaagizwa, ahesabu vipenyo, nafasi za ringi zinazozifunga nondo na umbali kati ya nondo na mbao. Awepo siku ya kumwaga, pale vipande vya zege vya mchemraba wa milimita 150 vinapotengenezwa ili vikavunjwe maabara kupima nguvu yake. Na atoe idhini ya maandishi kabla mirunda haijang'olewa. Akipita Jumanne wakati zege lilimwagwa Jumatatu, ameona uso wa sakafu tu.

Naamini udhaifu mkubwa wa mfumo wetu uko hapa: tumeweka nguvu nyingi kwenye karatasi za mwanzo na kidogo mno kwenye siku hizo nne tano zinazoamua uhai wa jengo.

Leseni ya mkandarasi ilikusudiwa kuziba pengo hilo. Tanzania inawapanga makandarasi wa majengo katika madaraja saba, la kwanza likiwa la juu, na kila daraja la chini lina ukomo wa thamani ya kazi linayoweza kuchukua. Kenya ina ngazi nane, kuanzia NCA 1 hadi NCA 8, na sheria yake inataka hata mafundi stadi na wasimamizi wa eneo la ujenzi watambuliwe rasmi. Kupanda daraja kunadai wataalamu, vifaa na uwezo wa fedha. Mantiki yake ni nzuri: kampuni iliyozoea nyumba za chini isijifunzie ghorofa kumi juu ya vichwa vya watu.

Mantiki hiyo inavunjika cheti kinapoazimishwa. Kampuni ya daraja la juu inatoa jina lake, inapokea malipo yake, na kazi inafanywa na mtu mwingine kabisa. Au mhandisi anagonga muhuri kwenye michoro na haonekani tena. Wengine hawafiki hata huko: mwenye kiwanja ananunua vifaa mwenyewe, fundi analipwa ufundi tu, na ghorofa ya tatu inaongezwa kwa sababu hela imepatikana. Dawa ya kuazimisha cheti ni mkaguzi kufika bila taarifa na kuuliza jambo moja: mhandisi wa hapa ni nani, na yuko wapi sasa hivi? Akikosekana, kazi isimame siku hiyo hiyo. Faini inayolipwa mwezi ujao huingizwa tu kwenye gharama za mradi.

Lakini hata msimamizi mwaminifu anahitaji kulindwa, na kisa cha duka kubwa la Sampoong mjini Seoul kinaonyesha sababu. Mwenye jengo alitaka mabadiliko makubwa baada ya ujenzi kuanza, ikiwemo ghorofa ya tano. Mkandarasi wa kwanza alikataa. Akaondolewa, na kazi ikamaliziwa na kampuni ya mwenye jengo mwenyewe. Nguzo zilizopaswa kuwa na kipenyo cha sentimita 80 zilijengwa kwa sentimita 60. Piga hesabu ya eneo la duara: nguzo hizo zilipoteza asilimia 44 ya ukubwa wake. Tarehe 29 Juni 1995 duka lilianguka na kuua watu 502. Aliyesema hapana alikuwepo, ila hapana yake haikuwa na nguvu ya kisheria ya kusimamisha kazi.

Uingereza ilichukua njia nyingine baada ya moto wa jengo la Grenfell ulioua watu 72 mwaka 2017. Sheria yao ya mwaka 2022 inahusu majengo ya makazi yenye mita 18 au ghorofa saba na kuendelea. Ujenzi hauwezi kuanza kabla msimamizi wa serikali hajaidhinisha michoro, na watu hawawezi kuhamia kabla hajatoa cheti cha kumaliza. Sisi nasi tunaweza kuweka vituo vya namna hiyo katikati ya ujenzi: msingi, kila sakafu, mirunda. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kufukua kifusi kwa siku kadhaa.

Majengo ya zamani yanadai uangalizi wa pekee. Msingi hupitisha uzito wa nyumba kwenye udongo ulio chini na pembeni yake. Ukichimba chumba cha chini ya ardhi jirani na msingi huo, au chini yake, umeondoa kilichokuwa kikiushikilia. Kazi hiyo hufanywa kwa vipande vifupi, ukuta wa kuzuia udongo ukitangulia, na kwa hesabu za mhandisi. Katika mitaa iliyobanana kama Kariakoo, ambako kila futi ya duka ina bei, kibali cha ukarabati kinastahili ukaguzi mkali kuliko cha jengo jipya, kwa sababu watu wako ndani wakati nyundo zinapiga.

Mpangaji naye ana haki ya kuuliza. Kabla ya kuhamia jengo jipya, omba kuona cheti cha kuruhusu watu kulitumia. Ukijenga, dai nakala za matokeo ya vipande vya zege kwa kila sakafu, na usilipe awamu inayofuata bila hayo. Na mkiona nyufa mpya za mshazari ukutani, nguzo inayomeguka au milango iliyoanza kukwama ghafla, watu watoke kwanza, mhandisi aitwe baadaye. Huko Bangladesh, nyufa za Rana Plaza, jengo lenye viwanda vya nguo, zilionekana tarehe 23 Aprili 2013. Benki na maduka ya ghorofa za chini yalifungwa. Washona nguo waliamriwa kurudi kazini asubuhi iliyofuata, jengo likaanguka, na zaidi ya watu 1,100 wakafa.