Makumbusho ya sanaa hukua kuanzia stoo

Hizi ni dhana nne potofu kuhusu kukuza makumbusho ya sanaa, na majibu yetu kwa kila moja.

Dhana: Mkusanyo ukiongezeka, makumbusho yamekua.
Kila kitu kinachopokelewa kinataka nafasi na mtunzaji miaka yote ijayo. Chukua vikapu vya milulu (nyasi za kusukia) vya Iringa. Kikapu cha kipenyo cha sentimita 40 hakibebeshwi kingine juu yake, maana mdomo hupinda na haurudi. Rafu ya upana wa mita 1 na kina cha sentimita 50 hubeba viwili, kwa hiyo shelfu la rafu 5 hubeba 10. Mkipokea vikapu 40 kwa mwaka, baada ya miaka 10 mnahitaji mashelfu 40. Hesabu hiyo ifanyike kabla ya kumkubalia mtoaji. Vyungu vya Wakisi wa Ziwa Nyasa, kwa uzito wake, hukaa rafu za chini, na chenye kitako cha mviringo huwekwa juu ya ngata ya kitambaa, kama kinavyobebwa kichwani.

Dhana: Huku kwetu ni baridi, wadudu na ukungu hawatusumbui.
Hii ndiyo tunayoipinga kwa nguvu zaidi. Baridi ya Iringa na Mbeya huwapunguzia wadudu kasi tu, haiwaui. Mvua za Novemba hadi Aprili zikipandisha unyevu wa hewa juu ya asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu huweza kuanza kuota, hasa nyuma ya vitu vilivyoegemezwa ukuta wa nje, ambako hewa haipiti. Kiangazi kikiingia mbao hunywea, na vinyago hupasuka. Nunueni kipima unyevu, kisomwe asubuhi na jioni mwaka mzima kabla ya kuchora ramani ya stoo mpya. Vitu vikae sentimita 10 kutoka ukutani na 15 kutoka sakafuni.

Ukikuta unga laini chini ya kikapu, kuna mdudu anatoboa. Kifunge kwenye nailoni, toa hewa, ziba kwa utepe wa gundi, kisha kikae kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 14. Kikitoka, usikifungue kabla ya saa 24: unyevu wa hewa ya nje ukigusa milulu yenye baridi hugeuka matone, na rangi huchuja. Michoro ya rangi za mafuta isiingizwe humo kabisa.

Dhana: Jengo kwanza, fedha za kuliendesha zitafuata.
Mfadhili wa ujenzi huondoka utepe ukishakatwa. Umeme na mshahara hubaki. Hivyo hulipwa na mfuko wa kudumu, yaani fedha zilizowekezwa ambazo hutumika kwa asilimia 4 au 5 tu kwa mwaka ili mtaji usiliwe, hivyo shilingi milioni 100 huzaa milioni 4 au 5 tu.

Dhana: Daftari la kuorodhesha vitu linaweza kusubiri.
Namba itolewe siku kitu kinapoingia: 2025.3.2 ni kitu cha pili katika pokeo la tatu la mwaka huo. Iandikwe kwa penseli kwenye karatasi, ifungwe kwa uzi wa pamba. Mtoaji naye asaini hati ya kukabidhi isiyo na masharti, kwa sababu warithi wake wakija kudai baada ya miaka 20, hiyo ndiyo karatasi pekee ya kuwaonyesha.